Je, Wajua? Muvi Inavyokula Betri ya Laptopu

Je, wajua kwamba unapotazama muvi, mlaji mkubwa wa chaji mara nyingi ni taa? Skrini ya LCD haina mwanga wake. Nyuma yake kuna vijitaa vya LED, navyo huwaka hata pale picha inapoonyesha usiku wa giza totoro. Kwa hiyo anza na kitufe cha mwangaza, mengine baadaye. Chumbani usiku, nusu yake inatosha kabisa.

Je, wajua kwamba kugeuza kila kitu kiwe cheusi kwenye skrini hiyo ya LCD ni urembo tu? Betri haioni tofauti ya maana. Skrini ya OLED ndiyo yenye faida hiyo, maana huko kila nukta inajiwasha yenyewe, na ikiwa nyeusi imezimika.

Je, wajua kwamba hesabu ya betri ni ya shule ya msingi? Tafuta herufi Wh (wati-saa) kwenye kibandiko chake. Betri ya 50 Wh ikinyonywa wati 10 itadumu saa 5. Ikinyonywa wati 20, saa 2 na nusu. Muvi ya Kihindi ya Sholay, ya mwaka 1975, ina zaidi ya saa 3, kwa hiyo kwa wati 20 umeme ukiwa umekatika, hutajua jambazi wake, Gabbar Singh, aliishia wapi.

Sasa hili ndilo wengi hawalijui. Video zote huja zimebanwa, na laptopu lazima izifungue picha moja baada ya nyingine. Ndani ya chipu kuna sehemu iliyoundwa kwa kazi hiyo peke yake, nayo hula umeme kidogo sana. Tatizo ni kwamba inaielewa tu mitindo ya kubana iliyokuwapo ilipoundwa. H.264 ni ya mwaka 2003, VP9 ya 2013, AV1 ya 2018. Prosesa za Intel kwa ajili ya laptopu zilianza kuifungua AV1 kwa njia hiyo katika kizazi cha 11, mwaka 2020. Ukiwa na laptopu ya mtumba ya kizazi cha 6, na YouTube ikakuletea AV1, prosesa nzima inaingia kazini kufanya kibarua kisicho chake. Feni inavuma, mapaja yanaungua, asilimia zinaporomoka. Dawa ipo: kiongezi cha kivinjari kiitwacho h264ify, kinachoiomba YouTube ilete H.264 badala yake. Lakini si bure. H.264 hula bando zaidi kwa ubora uleule, na YouTube haiitoi kupita 1080p. Mimi ningekubali hasara hiyo, hasa nikiwa kwenye Wi-Fi ya mtu.

Je, wajua kwamba skrini ya 1366 kwa 768, iliyojaa kwenye laptopu za bei nafuu, ina nukta 1,049,088 tu, ilhali video ya 1080p ina 2,073,600? Unafungua zote, kisha karibu nusu zinaishia hewani. Chagua 720p. Bando nalo litapona.

Je, wajua kwamba haddiski ndogo ya nje, ile ya waya mmoja, haina umeme wake? Hunyonya kwenye laptopu, na ndani yake kuna sahani inayozunguka. Nakili muvi kwenye laptopu wakati umeme upo, kisha chomoa haddiski. Hata muvi za intaneti, kama huduma inakuruhusu kupakua, pakua mapema, halafu zima Wi-Fi na Bluetooth.

Muvi uliyonakili unaweza kuicheza kwa VLC, ile programu yenye alama ya koni ya barabarani; chimbuko lake ni mradi wa wanafunzi wa École Centrale Paris ulioanza mwaka 1996. Haihitaji intaneti wala kivinjari kucheza muvi uliyokwisha kuihifadhi.

Je, wajua kwamba kuiacha betri ife kabisa kila mara ili "izoee" ni ushauri wa betri za nikeli za zamani? Lithiamu-ioni, iliyoingizwa sokoni na Sony mwaka 1991, haina tabia hiyo. Inachochukia ni joto, kwa hiyo usiilaze laptopu juu ya godoro, ukaziba matundu yake ya hewa.

Kama ni Windows, andika powercfg /batteryreport kwenye dirisha la amri. Utapata ripoti ya uwezo wa betri ilipokuwa mpya na uliobaki leo. Ukikuta umebaki nusu, hakuna ujanja hapo juu utakaourudisha, nunua betri.

Na je, wajua kwamba betri nyingi za laptopu zina kobalti, na kwamba zaidi ya nusu ya kobalti inayochimbwa duniani hutoka Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo? Sehemu kubwa yake hutoka pande za Kolwezi, ambako Kiswahili ndicho lugha ya mtaani.