Kadi ya Mkopo: Mtumishi au Bwana?

Wengi wetu tutatoka shuleni karibuni tukaanze kushika mishahara, na baadhi ya ndugu zetu waliotutangulia wamekwisha pewa kadi za mkopo na benki zao. Yafaa basi tujue kadi hii ni kitu gani.

Kwanza, tusiichanganye na ile kadi ya kutolea fedha ambayo watu wengi wanayo. Ile hutoa fedha zako mwenyewe ulizoziweka. Zikiisha, kazi yake imekwisha. Kadi ya mkopo hutoa fedha za benki, nawe u mdeni tangu saa ile unapoitumia dukani.

Asili yake ni Marekani. Mwaka 1950 kampuni ya Diners Club ya New York ilianza kutoa kadi za kulipia chakula mikahawani, na mwenye kadi alipaswa kulipa deni lote kila mwezi. Mwaka 1958 Bank of America ilipeleka kwa posta kadi 60,000 kwa wakazi wa mji wa Fresno, California, bila wao kuziomba. Kadi hiyo, ambayo tangu 1976 huitwa Visa, ilimruhusu mtu kulipa kidogo na kubakiza deni kwa riba. Hapo ndipo ilipo faida ya benki, na hapo ndipo ulipo mtego.

Tazama hesabu hii. Tuseme umebakiza deni la shilingi 600,000, riba ni 3 kwa mia kila mwezi, na benki yataka ulipe angalau shilingi 30,000. Riba ya mwezi ni 18,000. Basi ukilipa 30,000 tu, deni limepungua kwa 12,000, na bado wadaiwa 588,000. Bali kama ungalilipa deni lote kwa tarehe iliyoandikwa, kwa kawaida usingalitozwa riba yo yote kwa vitu ulivyonunua.

Jamaa yangu mmoja, ambaye ni mwalimu, alinunua viti vya sebuleni kwa kadi. Kila mwezi alilipa kile kima cha chini, akidhani analipa deni. Muhula ulipofunguliwa hakuwa na karo ya binti yake, akatoa fedha taslimu kwa kadi ile ile. Hakujua kwamba fedha taslimu hutozwa ada, na kwamba riba yake kwa kawaida huanza siku ile ile. Binti alisoma muhula ule, lakini muhula uliofuata alikaa nyumbani. Viti vipo hata leo.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, ukipewa kadi, shika haya:

1. Nunua kile tu ambacho mshahara wa mwezi huu waweza kukilipa.
2. Lipa deni lote, tena kabla ya siku yake.
3. Usitoe fedha taslimu kwa kadi hii.
4. Soma hesabu unayoletewa na benki, mstari kwa mstari.
5. Usimwambie mtu namba yako ya siri, hata akisema ametoka benki.

Mwenye kufuata haya, kadi ni mtumishi wake. Asiyefuata, atakumbuka maneno ya wazee: kukopa harusi, kulipa matanga.