Mrija wa shingoni usiachwe uzibe

Wapo wagonjwa wanaoruhusiwa kutoka hospitali wakiwa na mrija mdogo shingoni, na huo ndio wanaopumulia. Watu wa nyumbani huuogopa, hata kuugusa hawataki. Kumbe hatari kubwa ni kuuacha bila huduma, kwani ukiziba mgonjwa anaweza kufariki ndani ya dakika chache.

Upasuaji huu huitwa trakeostomi. Daktari hutoboa shingo kwa mbele, chini ya koromeo, na kupitisha mrija hadi kwenye bomba la hewa. Hufanywa pale uvimbe, saratani au majeraha yanapoziba njia ya juu ya hewa, au mgonjwa anapohitaji mashine ya kupumulia kwa muda mrefu.

Pua huipa hewa joto na unyevu, na huchuja vumbi. Anayepumulia shingoni hukosa faida hiyo, hivyo makohozi hukauka na kuganda ndani ya mrija.

Mirija mingi ina mrija mwingine ndani yake. Huo wa ndani hutolewa na kusafishwa kila siku kama mlivyoelekezwa hospitali. Nawa mikono kwa sabuni kwanza. Ukivuta makohozi kwa mashine, kila mvuto usizidi sekunde 10.

Ukisikia mkoromo au mlio kama filimbi, ukaona anahangaika, anapumua haraka au midomo inageuka bluu, toa mrija wa ndani mara moja na uvute makohozi. Asipopata nafuu, mkimbizeni hospitali. Kabla ya kuruhusiwa, ombeni mfundishwe kwa vitendo kubadili mrija mzima, na muwe na wa akiba.

Nyumbani, moshi wa udi, ubani na mkaa usifukizwe karibu naye. Poda na pamba pia ziepukwe.

Wakati wa udhu, anawe uso taratibu maji yasitiririkie shingoni. Katika kuoga asijimwagie maji kichwani bila kuukinga mrija. Daktari akimkataza maji, ipo ruhusa ya kutayamamu. Muulizeni sheikh wenu.

Mwisho, hewa isipopita kwenye nyuzi za sauti, mgonjwa hawezi kuita. Akili yake ni timamu na anawasikia. Mpeni kalamu na karatasi, na usiku awe na kengele mkononi.

Mwenyezi Mungu awape wagonjwa wetu shifaa.