Kamari na Kura: Ni Nani Aliyeulizwa?

Wazee wetu wa Uzaramo walikuwa na neno moja tu, kamari, na kila mtu alilifahamu, Mkristo na Mwislamu, wala halikuwa jina la sifa. Leo vijana wa Maili Moja na Mlandizi husema "kubeti", nayo sheria husema "michezo ya kubahatisha". Jina limekuwa laini, tena refu. Kitu ni kile kile.

Mwaka 2003 Bunge lilitunga Sheria ya Michezo ya Kubahatisha, na Bodi ikawekwa ili itoe leseni na kuisimamia. Kabla ya hapo, tangu miaka ya 1970, palikuwa na Bahati Nasibu ya Taifa, basi Serikali haikuwa mgeni wa mambo haya. Wala nisiwe mwonevu: karata zilizochezwa kwa siri chini ya minazi hazikuwa na msimamizi, hazikulipa kodi, na aliyedhulumiwa hakuwa na mahali pa kushitaki. Hilo ni kweli. Lakini hakuna sanduku la kura lililoletwa Kibaha wala Kisarawe kwa ajili ya neno hili. Wabunge walisema kwa niaba yetu, ikawa basi.

Kwingine watu huulizwa. Katika jimbo la New Jersey, nchi ya Marekani, mwaka 1974 wananchi waliulizwa kama kasino ziruhusiwe jimboni mwao, wakakataa. Mwaka 1976 wakaulizwa tena, safari hii kwa ajili ya mji mmoja tu wa pwani, Atlantic City, nao waliambiwa ya kuwa kodi yake itawasaidia wazee na walemavu, wakakubali. Kasino ya kwanza ikafunguliwa mwaka 1978. Mwaka 2014 kasino nne kati ya kumi na mbili zilifungwa, na maelfu ya watu wakakosa kazi. Mwaka 2016 walipoulizwa kama nyingine zijengwe upande wa kaskazini, wakakataa kwa kura nyingi sana. Kura haikuwaokoa na hasara, lakini iliwalazimisha kubishana mbele ya watu, na kila upande kuleta hesabu zake. Hesabu hizo ndizo tulizozikosa sisi. Na tuzifanye hapa.

Kijana huchagua mechi kumi katika simu yake. Orodha hiyo huitwa mkeka, nalo ni jina la ajabu, maana mkeka wa ukindu angalau mtu huweza kuulalia. Tuseme katika kila mechi nafasi yake ya kupata ni nusu kwa nusu. Kwa mechi kumi nafasi yake ni moja katika 1,024. Basi watu 1,024 wakiweka shilingi 1,000 kila mmoja, fungu ni shilingi 1,024,000, na kwa kadiri ya hesabu mmoja tu ndiye atakayepata zote kumi. Je, atapewa fungu lote? Hata kidogo. Kampuni haizidishi fedha mara mbili kwa kila mechi. Tuseme yazidisha mara 1.8. Zidisha 1.8 kwa 1.8 hata zitimie kumi, utapata kama 357. Mshindi apewa shilingi 357,000 hivi, nayo kampuni yabaki na 667,000, ambamo hutoa kodi na gharama zake. Watu 1,023 wamerudi mikono mitupu. Lakini habari itembeayo kijijini ni ya yule mmoja.

Lilinganishe jambo hili na upatu wa akina mama. Watu kumi watoa shilingi 1,000 kila juma, na kila juma mmoja achukua 10,000. Zamu zikiisha, hakuna aliyepoteza hata senti, na pengine pamepatikana sufuria au bati la nyumba.

Linalonisumbua zaidi ni zile mashine za sarafu ziitwazo dubwi. Simu ni ya mtu mzima. Dubwi huwekwa penye duka, na mtoto aliyetumwa chumvi hufika pale na sarafu mkononi. Sheria yetu yamkataza aliye chini ya miaka 18. Uganda, katika sheria yao ya mwaka 2016, waliweka miaka 25. Lakini mashine haina macho ya kutambua umri. Mwenye macho ni mwenye duka, na sisi tupitao njiani.

Leseni hutolewa na Bodi, si na kijiji. Hata hivyo kijiji kina mkutano wake mkuu, ambao kwa sheria hukutana kila miezi mitatu, na kila mtu mzima ana haki ya kusimama na kusema. Pale huweza kuulizwa mashine iko kwa nani, ina leseni, na ni nani waichezao saa za shule. Neno hili lafaa kuandikwa katika ajenda mapema, lisingoje "mengineyo", maana wakati huo jua limekwisha kuwa kali na watu wameanza kuondoka.