Wachota Maji wa Afrika Mashariki: Utafiti Uliorudiwa Baada ya Miaka Thelathini

Katika sayansi ya jamii, kupima hali ya watu ni kazi rahisi kuliko kupima mabadiliko ya hali hiyo. Mtafiti akifika kijijini na kuhesabu madebe ya maji yanayoingia katika kila nyumba, ataijua hali ya siku ile tu. Ili ajue kama maisha ya watu yametengenea au yameharibika, hapana budi arudi mahali palepale baada ya miaka mingi, aulize maswali yaleyale na kutumia kipimo kilekile. Kazi ya namna hii ni ya gharama, na mara nyingi huhitaji muda unaozidi ajira ya mtafiti mmoja. Ndiyo sababu mifano yake ni michache. Mmoja wa mifano hiyo ulifanyika Afrika Mashariki, nao unahusu maji ya nyumbani.

Kati ya mwaka 1966 na 1968, Gilbert White, mtaalamu wa jiografia, David Bradley, daktari, na Anne White walichunguza maeneo 34 ya Kenya, Tanzania na Uganda, ya mijini na ya vijijini, yenye mabomba na yasiyo na mabomba. Walihesabu vyombo, wakapima njia za kisimani, wakaangalia ni nani anayekwenda kuchota. Karibu kila mahali waliokwenda walikuwa akina mama na watoto. Matokeo yalichapishwa katika kitabu mwaka 1972.

Katika kitabu hicho Bradley alitoa hoja ambayo ingali inafundishwa hadi leo. Kabla ya hapo watu wengi walipozungumza juu ya maji na afya walifikiria usafi wa maji ya kunywa peke yake. Yeye aliyagawa magonjwa kwa jinsi yanavyohusiana na maji. Yako yanayoingia mwilini kwa kunywa maji machafu, kama vile kipindupindu na homa ya matumbo. Yako yanayotokana na uhaba wa maji ya kunawa na kuogea, kama upele na trakoma, ugonjwa wa macho unaoweza kumpofusha mtu. Yako yanayohitaji kiumbe kinachoishi majini, mfano kichocho na konokono wake. Na yako yanayoenezwa na wadudu wanaozaliana majini au wanaouma karibu na maji, kama malaria. Faida ya mgawanyo huu ni kwamba kila kundi lina dawa yake. Mama mwenye ndoo moja ya maji safi kabisa kwa watu sita hawezi kuyazuia magonjwa ya kundi la pili, kwa kuwa anachokosa ni wingi wa maji.

Mwishoni mwa miaka ya 1990 kundi jingine la watafiti, wakiwamo wataalamu wa Kenya, Tanzania na Uganda, lilirudi katika maeneo hayo. Bila shaka nyumba zilikuwa zimebadilika, na wengi wa waliohojiwa awali walikuwa wamehama au kufariki. Kilicholinganishwa, basi, ni mahali na aina ya kaya, wala si mtu mmoja mmoja.

Matokeo yaliwashangaza wengi. Katika kaya zenye bomba, matumizi yalishuka kutoka zaidi ya lita 120 kwa mtu kwa siku hadi chini ya lita 70. Katika kaya zisizo na bomba yalipanda kutoka takriban lita 10 hadi karibu lita 20. Mtu ambaye angechukua wastani wa kaya zote kwa pamoja angesema tu kwamba matumizi ya maji yamepungua, naye angekuwa amezificha habari mbili zinazopingana ndani ya tarakimu moja. Kosa hili si geni katika taarifa za maendeleo.

Sababu za kushuka zilikuwa wazi. Miji ilikua upesi kuliko mitambo yake ya maji, mabomba yalizeeka, na fedha za matengenezo hazikutosha. Katika miaka ya 1960 karibu kaya zote zenye bomba zilipata maji mchana na usiku. Katika uchunguzi wa pili ni zaidi kidogo ya nusu tu zilizokuwa na bahati hiyo. Nyumba zikajaa mapipa na madumu ya akiba. Wauzaji wa maji wenye baiskeli na mikokoteni wakapata kazi, na maskini aliyenunua kwa dumu akalipa kwa kila lita bei kubwa kuliko jirani yake mwenye bomba.

Lakini tarakimu iliyo nzito kuliko zote inahusu muda. Kaya ya mjini isiyo na bomba ilitumia chini ya nusu saa kwa siku kuteka maji katika uchunguzi wa kwanza. Katika wa pili ilitumia zaidi ya saa moja na nusu. Umbali haukuwa umebadilika sana. Kilichoongezeka ni foleni.

Jambo hili linaelekea moja kwa moja kwenye mipango ya serikali. Tanzania, kwa mfano, iliweka lengo mwaka 1971 kwamba ifikapo 1991 kila mwanakijiji awe na maji safi katika umbali usiozidi mita 400. Mita 400 ni mwendo wa dakika tano au sita. Hata hivyo, msichana anayefika kisimani na kukuta ndoo arobaini mbele yake hafaidiki sana na ufupi wa njia, na saa anayoipoteza pale mara nyingi ni ile ambayo angekuwa darasani. Tafiti za baadaye katika nchi mbalimbali zimeonyesha pia kwamba safari ya kwenda na kurudi ikichukua kati ya dakika 5 na 30, kiasi cha maji kinachotumika nyumbani hakibadiliki sana. Huongezeka kwa wingi pale tu maji yanapofika uani.

Shule yoyote ya sekondari inaweza kufanya uchunguzi mdogo wa aina hii. Kila mwanafunzi aandike idadi ya watu wanaolala nyumbani, vyombo vilivyojazwa kwa siku na ujazo wake, kisha saa ya kuondoka, saa ya kufika, saa ya kuanza kuchota na saa ya kurudi. Jumla ya lita ikigawanywa kwa idadi ya watu hutoa matumizi ya kila mmoja. Mwezi uandikwe, maana masika na kiangazi havilingani. Daftari lihifadhiwe shuleni pamoja na nakala ya maswali, kwa kuwa wanafunzi watakaorudia kazi hiyo miaka kumi baadaye hawatakuwa na mtu wa kumwuliza debe lilikuwa na ukubwa gani.