Spika Zikivuma, Usikate Waya wa Ardhi

Msimu wa likizo ya Desemba unakaribia, na pamoja nao harusi, mikutano ya injili na mashindano ya kandanda vijijini. Hema hupigwa, spika kubwa hukodishwa, na kijana wa mitambo huunganisha nyaya mbiombio kwa kuwa wageni wameshafika. Haraka hiyo ndiyo huleta ajali. Kabla ya sherehe yako, zingatia mambo yafuatayo.

Waya wa ardhi ni kinga ya uhai

Umeme wa soketi zetu ni volti 240. Ndani ya plagi ya pini tatu mna waya wa kahawia unaoleta umeme, wa samawati unaourudisha, na wa kijani na manjano unaokwenda ardhini. Huu wa tatu hauna kazi hadi siku ya hitilafu. Waya wenye moto ukigusa bodi ya chuma ya amplifaya, waya wa ardhi huupa umeme njia, na fyuzi hukatika mara moja. Waya huo ukiwa umekatwa, umeme hubaki kwenye bodi na unaweza kufuata kebo hadi kwenye maikrofoni. Mwimbaji anayeishika akiwa amesimama kwenye nyasi zenye umande ndiye anayegeuka kuwa njia.

Baadhi ya mafundi huukata kwa sababu spika zinavuma. Mvumo unaweza kuisha kweli, lakini kinga nayo imekwisha. Mara nyingi mvumo hutokea mikisa na spika zinapochukua umeme kwenye soketi zilizo mbalimbali. Chukua umeme wa mitambo yote ya sauti mahali pamoja, na utenge nyaya za maikrofoni na zile za umeme. Ukiendelea, fundi atumie kisanduku cha DI, ambacho hutenganisha ardhi upande wa sauti bila kugusa plagi.

Piga hesabu kwanza

Plagi yenye fyuzi ya ampea 13 hubeba takriban wati 3,120. Ukiunganisha amplifaya, taa na birika la chai kwenye ekstensheni moja, unaweza kupita kiwango. Kebo ya ekstensheni ikunjuliwe yote, kwani ikiachwa imeviringwa hushika joto na kuyeyuka. Fyuzi ikikatika, tafuta sababu. Usiweke kipande cha waya mahali pake.

Kwa spika zisizo na amplifaya ndani, soma omu zilizoandikwa nyuma. Spika mbili za omu 8 zikiunganishwa sambamba huwa omu 4. Nne huwa omu 2. Amplifaya ambayo kiwango chake cha chini ni omu 4 ikibebeshwa omu 2 hupata joto, hujizima au huungua. Tumia kebo za spika, si kebo nyembamba za gitaa. Spika zenye amplifaya ndani hupokea sauti kutoka kwa mikisa pekee. Usiziunganishe na amplifaya nyingine.

Kuwasha na kuzima

Unganisha nyaya zote vifaa vikiwa vimezimwa na sauti imeshushwa. Washa mikisa kwanza, amplifaya au spika zenye umeme mwisho. Wakati wa kuzima, anza na amplifaya. Ukikiuka mpangilio huo, mshindo unaotokea unaweza kuharibu spika.

Jenereta na mvua

Jenereta iwekwe nje, mbali na hema, kwa kuwa moshi wake una gesi yenye sumu isiyo na harufu. Iache itulie kabla ya kuwasha mitambo ya sauti, na izime ipoe kabla ya kuongeza mafuta. Kamwe usiichomeke kwenye soketi ya nyumba: umeme wake unaweza kurudi kwenye nyaya za nguzo na kumuua fundi anayezirekebisha. Kwa shughuli za nje, tumia swichi ya RCD ya miliampea 30, ambayo hukata umeme papo hapo unapovuja. Viungo vya nyaya viinuliwe kutoka ardhini, na mvua ikianza kuingia, zima. Kujiunganishia umeme moja kwa moja kutoka kwa nguzo ni hatari na ni kosa kisheria.

Mtu akipigwa na umeme

Usimguse. Zima umeme kwanza. Ikiwa haiwezekani, simama mahali pakavu na umtenganishe na waya kwa kijiti kikavu. Piga 999 au 112. Nyaya za nguzo zikianguka, kaeni mbali na mpigie Kenya Power kwa nambari 97771.

Kabla ya kulipa mwenye mitambo, mwombe akuonyeshe plagi zake. Pini zote tatu ziwepo, na kila waya uwe mahali pake. Kazi ya kuunganisha umeme wa ukumbi au uwanja mpe fundi mwenye leseni ya EPRA. Kuhusu kibali cha kutumia vipaza sauti, fika mapema katika ofisi ya msimamizi wa wodi yako ili uelekezwe.