BWANA YAKO AMEPOOZA UPANDE MMOJA: NAMNA YA KUMTUNZA NYUMBANI

Mama, bwana yako alianguka, akalazwa hospitali, na sasa amerudi nyumbani. Mkono na mguu wa kuume havina nguvu, mdomo umepinda, maneno hayatoki. Jirani amekuja kukupa pole, naye anasema polepole: « Wamemloga. » Hapana. Mshipa wa damu umeziba au umepasuka ndani ya ubongo. Mara nyingi sababu ni tansio iliyokaa juu miaka mingi bila kupimwa. Usipoteze feza kwa mfumu.

Ubongo wa kushoto unaongoza upande wa kuume wa mwili, na kwa watu wengi ndio unaoshika maneno. Basi mtu aliyekosa maneno hana wazimu. Pengine anafahamu yote mnayosema. Usimsemee mbele ya wageni kama vile hayupo. Muulize neno moja tu, la kujibiwa ndiyo au hapana, kisha ungoje.

Chakula ndicho kinachoniogopesha zaidi. Koo nayo inaweza kupooza, na maji au chakula kikiingia katika mapafu, kinaleta ugonjwa unaoweza kuua. Usimlishe hata siku moja akiwa amelala. Mkalishe wima, umpe kijiko kidogo, ngoja ameze ndipo uongeze. Tazama ndani ya shavu lililopooza: bukari hubaki pale bila yeye kusikia. Akiisha kula, akae nusu saa. Akikohoa kila anapokunywa, usiendelee kumjaribu, mlete dispensari. Wamama wengine wanamsukumia mgonjwa bukari nyingi ili apate nguvu upesi. Nguvu haiji hivyo.

Kama hawezi kujigeuza, mgeuze kila baada ya saa 2, mchana na usiku, asipate vidonda. Hii si kazi ya mtu mmoja. Watoto wakubwa na mashemeji washike zamu, maana wewe pia una mgongo. Msimwinue kwa kumvuta mkono uliopooza, bega litaharibika. Shati lianze kuvaliwa mkono mgonjwa, na wakati wa kuvua lianze mkono mzima. Lakini kama mkono mzima unaweza kushika kijiko au kufunga kifungo, mwachie afanye mwenyewe. Najua ukifanya wewe ni upesi. Yeye anahitaji kujifunza tena.

Dawa ya tansio ni ya kila siku. Watu wengi wanaiacha wakiambiwa tansio imeshuka. Imeshuka kwa sababu wanakunywa dawa! Punguza chumvi, na makayabu pia. Tumbaku aiache kabisa.

Ugonjwa huu unaweza kurudi. Mdomo ukipinda kwa ghafula, mkono ukilegea, au maneno yakichanganyika, usingoje asubuhi. Usimpe maji wala kidonge. Mpeleke hospitali saa ileile, na uangalie saa, kwa sababu neno la kwanza tutakalokuuliza ni hili: ilianza saa ngapi?