Mkongwe au chipukizi? Katika besiboli, soma mkataba kabla ya umri

Kila mwaka, kaskazi inapoanza kuvuma huku kwetu Pwani, mashabiki wa besiboli nchini Marekani huanza mabishano yao. Fainali ya World Series huwa imekwisha mwishoni mwa Oktoba au siku za kwanza za Novemba, na wachezaji hawarudi mazoezini hadi Februari. Katika miezi hiyo hakuna mechi, lakini kuna swali linalowakosesha watu usingizi: klabu imbakishe mkongwe aliyeiletea ubingwa, au impishe chipukizi?

Hata msomaji ambaye hajawahi kushika gongo la besiboli analijua swali hili. Tunalisikia kila dirisha la uhamisho la Ligi Kuu ya Uingereza linapofunguliwa. Upande mmoja husema jungu kuu halikosi ukoko, upande wa pili hutaka damu changa. Mimi nimeufuatilia mchezo huu wa Wamarekani kwa muda, na naona pande zote mbili hubishania umri ilhali jambo lenyewe liko kwenye mkataba. La kuuliza ni nani analipwa, kwa kazi ya miaka ipi, na nani anayelipa.

Tuanze na kanuni, maana bila kanuni huwezi kuelewa kwa nini klabu hufanya zinavyofanya.

Ligi kuu ya besiboli ina klabu 30. Kila klabu huwa na wachezaji 26 kwenye kikosi na hucheza mechi 162 katika miezi sita hivi. Kijana akipandishwa hadi ligi kuu, anakuwa chini ya klabu yake kwa miaka sita ya utumishi. Hawezi kwenda kwingine kwa hiari yake. Katika miaka mitatu ya kwanza, klabu humlipa karibu na mshahara wa chini kabisa, ambao mwaka 2025 ulikuwa dola 760,000. Miaka mitatu inayofuata, wasipoelewana, jopo la wasuluhishi husikiliza pande mbili kisha huchagua kiasi kimoja, ama kile cha mchezaji ama kile cha klabu. Hawaruhusiwi kukata katikati. Baada ya miaka sita ndipo mchezaji huwa huru kuuza kazi yake kwa anayemtaka.

Dola 760,000 ni karibu shilingi milioni 100 za Kenya, na najua wapo watakaocheka nikisema hizo ni pesa kidogo. Lakini nyota aliye huru hulipwa dola milioni 25 au zaidi kwa mwaka, kwa kazi ileile, katika uwanja uleule.

Mwili wa mchezaji wa besiboli huwa na nguvu zaidi kabla hajafika miaka 30. Hii ndiyo miaka ambayo wengi wao bado wamefungwa na klabu kwa bei ya chini. Mchezaji anapokuwa huru, mara nyingi ana miaka 29, 30 au 31, na mteremko unakaribia. Kwa hivyo klabu inaposema "tuwape vijana nafasi", sikiliza vizuri. Huenda inasema kweli kwamba kijana ni bora. Huenda pia inasema tu kwamba kijana ni rahisi.

Chukua mfano wa Albert Pujols, mzaliwa wa Jamhuri ya Dominika. Mwaka 2001 aliingia kikosi cha St. Louis Cardinals akiwa na miaka 21, kwa mshahara wa chini kabisa wa wakati huo, dola 200,000. Msimu huohuo akatajwa chipukizi bora wa ligi yake. Mwaka 2004 alipewa mkataba wa miaka 7 wa dola milioni 100, na ndani ya mkataba huo akawa mchezaji bora wa ligi mara tatu, 2005, 2008 na 2009.

Pigo tamu kuliko yote katika besiboli ni lile linaloupeleka mpira nje ya uzio wa uwanja. Mpigaji huzunguka vituo vyote bila kusumbuliwa na timu yake huandikiwa alama. Katika misimu 11 ya Cardinals, Pujols alipiga mapigo 445 ya namna hiyo na kutwaa ubingwa mara mbili, 2006 na 2011.

Desemba 2011, wiki chache baada ya ubingwa wa pili, Los Angeles Angels walimjia na dola milioni 240 kwa miaka 10. Alikuwa anakaribia kutimiza miaka 32. Cardinals wakamwacha aende, na mashabiki wengi wakaumia. Kwao ilikuwa ni kuacha mbachao kwa msala upitao.

Kilichofuata kinafahamika. Akiwa Cardinals, Pujols alikuwa akifanikiwa kupiga mara 328 katika kila majaribio 1,000. Akiwa Angels alishuka hadi 256. Katika miaka yote hiyo Angels walifika mechi za mchujo mara moja tu, mwaka 2014, wakapoteza mechi zote tatu. Mei 2021, kabla mkataba haujaisha, wakamwachilia.

Nao Cardinals? Kwa kanuni za wakati ule, klabu iliyopoteza nyota huru ilifidiwa nafasi ya kuchagua kijana. Nafasi waliyoipata kutoka kwa Angels waliitumia mwaka 2012 kumchukua mrushaji Michael Wacha. Mwaka 2013, akiwa na miaka 22, Wacha alikuwa mchezaji bora wa nusu fainali iliyowafikisha Cardinals kwenye World Series, ambako walishindwa na Boston Red Sox.

Wapenzi wa damu changa hukomea hapo na kupiga makofi. Lakini kuna sehemu ya kisa hiki wanayoiruka. Desemba ileile ya 2011, Cardinals walimsajili Carlos Beltrán aliyekuwa na miaka 34, mkubwa kuliko Pujols. Tofauti ni kwamba mkataba wake ulikuwa wa miaka 2 tu, kwa dola milioni 26. Msimu wa kwanza alipiga mapigo 32 ya kuvuka uzio. Cardinals hawakuukimbia uzee. Waliukimbia mkataba wa miaka 10.

Na Pujols mwenyewe? Ng'ombe akivunjika guu hurejea zizini. Mwaka 2022 alirudi St. Louis akiwa na miaka 42, kwa mkataba wa mwaka mmoja wa dola milioni 2.5. Akapiga mapigo 24 ya kuvuka uzio na kustaafu akiwa na jumla ya 703. Pujols wa miaka 42 aliifaa klabu yake kuliko Pujols wa miaka 37 alivyoifaa Angels. Kama umri ndio ungekuwa kipimo, jambo hilo lisingewezekana.

Sasa tugeuze upande wa pili, msomaji asije akadhani nawapigia debe wanaowafukuza wakongwe. Freddie Freeman alikuwa nguzo ya Atlanta Braves, mchezaji bora wa ligi yake mwaka 2020 na bingwa mwaka 2021. Baada ya ubingwa huo alikuwa huru, na ana miaka 32. Machi 2022 Braves walitoa vijana wanne wa akiba kwa Oakland Athletics ili wampate Matt Olson, anayecheza nafasi ileile na aliyekuwa karibu kutimiza miaka 28. Kesho yake wakampa mkataba wa miaka 8 wa dola milioni 168. Freeman akaenda Los Angeles Dodgers kwa miaka 6 na dola milioni 162.

Kwa muda ilionekana Braves wamecheza karata vizuri. Mwaka 2023 Olson alipiga mapigo 54 ya kuvuka uzio, rekodi ya klabu. Lakini Oktoba haikuwa yao. Walitolewa mapema 2022, 2023 na 2024, na 2025 hawakufika mchujo kabisa. Freeman naye, Oktoba 25, 2024, akichechemea kwa kifundo cha mguu, alisimama kupiga katika mechi ya kwanza ya World Series dhidi ya New York Yankees. Vituo vyote vilikuwa vimejaa na timu yake ilikuwa nyuma kwa alama moja. Akaupeleka mpira nje na mechi ikaisha palepale. Hakuna aliyewahi kumaliza mechi ya World Series kwa pigo kama hilo. Dodgers wakawa mabingwa, na yeye akawa mchezaji bora wa fainali akiwa na miaka 35. Mwaka uliofuata wakatwaa ubingwa tena.

Je, Braves walikosea kumchukua Olson? Sidhani. Walilipia miaka ya mbele ya mchezaji mzuri. Nao Dodgers walilipia miaka sita, si kumi, kwa mkongwe ambaye kipaji chake ni jicho na utulivu, vitu visivyochakaa haraka kama miguu. Klabu zote mbili zilisoma mkataba vizuri kuliko mashabiki walivyosoma vyeti vya kuzaliwa.

Lakini yupo mtu anayesahaulika katika hesabu hizi, naye ni kijana mwenyewe. Mwaka 2015 Chicago Cubs walikuwa na Kris Bryant, aliyekuwa tayari kabisa kwa ligi kuu. Msimu ulipoanza walimwacha ligi ya chini, wakampandisha Aprili 17. Mwaka mmoja wa utumishi huhesabiwa kuwa siku 172. Bryant alimaliza msimu na siku 171. Kwa siku hiyo moja, klabu ilipata mwaka mzima zaidi wa kummiliki. Alitajwa chipukizi bora mwaka huo, na 2016 akawa mchezaji bora wa ligi na bingwa. Alipolalamika rasmi, mwaka 2020 msuluhishi aliamua kwamba klabu haikuvunja kanuni.

Alipokuwa huru hatimaye, Colorado Rockies walimpa miaka 7 na dola milioni 182. Tangu hapo majeraha yamemweka nje muda mrefu. Watu husema Rockies wametupa pesa. Mimi nauliza: ile miaka mizuri ya Bryant, nani aliifaidi kwa bei nafuu? Cubs. Rockies wamelipa deni la mwingine. Ndivyo mfumo ulivyo. Mkongwe hulipwa kwa jasho la ujana wake, na mara nyingi anayelipa siye aliyelifaidi.

Jambo hili linatugusa sisi Waafrika pia. Gift Ngoepe wa Afrika Kusini alisajiliwa na Pittsburgh Pirates mwaka 2008. Alizunguka ligi za chini miaka mingi hadi Aprili 26, 2017, alipokuwa mchezaji wa kwanza aliyezaliwa na kulelewa Afrika kucheza ligi kuu, na jaribio lake la kwanza likafanikiwa. Alikuwa na miaka 27. Piga hesabu: ongeza miaka sita ya utumishi, na mtu anayeanza na umri huo anakuwa huru akiwa na 33, umri ambao klabu zinamwita mzee. Wengi wanaopanda hadi ligi kuu hawaifikishi miaka hiyo sita. Vijana wa Lugazi, Uganda, ambao mwaka 2012 walikuwa timu ya kwanza ya Afrika kufika fainali za dunia za watoto kule Williamsport, wanaingia katika mlango huohuo.

Kwa hivyo msimu ujao wa mabishano ukifika, napendekeza tuulize maswali matatu kabla ya kutaja umri. Mkataba ni wa miaka mingapi? Unalipia kazi ijayo au sifa zilizopita? Na huyu kijana anayesifiwa, anasifiwa kwa kipaji chake au kwa sababu kanuni zinazuia alipwe thamani yake?

Mwaka 2022 kanuni zililegezwa kidogo. Siku hizi chipukizi anayeshika nafasi ya kwanza au ya pili katika kura za chipukizi bora huhesabiwa mwaka kamili, hata akichelewa kupandishwa. Ni hatua, lakini huwafikia wanne tu kwa mwaka, wawili katika kila tawi la ligi. Makubaliano ya sasa kati ya wamiliki na chama cha wachezaji yanamalizika Desemba 1, 2026. Kwa maoni yangu, hapo ndipo penye mjadala wa kweli. Wakimlipa kijana haki yake akiwa kijana, hapatakuwa na haja ya kumlipa mkongwe miaka 10 ya kumbukumbu, na kila mmoja atapata nafasi kikosini kwa anachoweza kufanya leo.